Swali la Themanini na Tano

...hapana, hili si swali, hili ni tusi, themanini na nne yamepita yakinitoa jasho, mtoto njiti anayesahau kupumua, mzee wa figo ambaye moyo wake umeanza kuruka mapigo, dawa zenye majina yasiyoisha, na yote nimeyajibu, nimebonyeza, nimesonga, halafu mashine ya mtihani inanitupia hili, mwanamume wa miaka hamsini na mbili analetwa chumba cha dharura akiwa na kisu kilichokwama tumboni, ana fahamu, anaongea, muuguzi afanye nini kwanza, na chini yake majibu manne, la kwanza toa kisu kisha gandamiza jeraha, la pili acha kisu kilivyo na ukizungushie vitambaa kisitikisike, la tatu mlaze kifudifudi, la nne mpe maji anywe, maji, Mungu wangu, kifudifudi na kisu tumboni, nani anatunga mambo haya, hata Tiya Belen, mama yangu mdogo, anayeuza vitumbua vya nazi sokoni Taal angelijibu hili huku anarudisha chenji, kwa hiyo nimeanguka, ndiyo maana yake, nimeteleza mahali fulani huko nyuma kwenye sabini na kitu na mashine imeona, imenishusha ngazi kwa ngazi mpaka hapa kwenye maswali ya watoto... Sir Nonoy alituambia, miezi minne katika darasa lile la kujinoa juu ya duka la simu, watu sitini na feni mbili, alisimama na marashi yake makali akasema, jamani, mashine hii ni mama mkwe, siku ya kwanza anakuuliza unajua kupika wali? Ukisema najua, anakuuliza samaki. Ukimweza samaki anakuuliza nguruwe mzima wa harusi. Ukishindwa nguruwe anarudi kwenye samaki, ukishindwa samaki anarudi kwenye wali. Hajali umejua mangapi, anatafuta pale unapokwama, kuna mstari wake, na akishakuwa na hakika uko juu ya mstari au uko chini, ananyamaza, anabeba mkoba wake anakwenda zake. Mapema kabisa ni swali la themanini na tano, mwisho kabisa ni mia na hamsini, na hukumu huisikii siku hiyo. Darasa zima likacheka, na mmoja wa nyuma akauliza, Sir, je, mtu akifika themanini na tano akaona anaulizwa wali? Naye akasema, alie, ila alie huku anajibu. Nilicheka mimi pia. Sasa ndiyo hii themanini na tano, ndio huu wali, na kishale kinakwenda na kurudi juu ya kioo.

Huyu mwanamume kulia kwangu anabonyeza kibodi yake kama anaua mende, ka, ka, ka, vizibo vya masikio walivyotupa havisaidii chochote, ningeweza kunyanyuka sasa hivi nikampiga uso wake kwenye hicho kioo mpaka taa yake izime, mara moja, mara mbili, ningeweza, najua hasa mfupa upi wa pua unavunjika kwanza, na kamera ile pale darini ingeona kila kitu na yule mama msimamizi mwenye viatu vya mpira angekuja mbio... tulia, Glenda, tulia, soma swali, Sir Nonoy alisema pia msiisome mashine, soma swali, kwani ugumu wa swali si wewe unayeujua, kila swali limepimwa kwa maelfu ya watu waliokutangulia, wengi wakilikosa linaitwa gumu, wengi wakilipata linaitwa rahisi, na kati ya hayo themanini na tano ya mwanzo kuna kumi na tano ambayo hayahesabiwi kabisa, hapo hupimwi wewe, linapimwa swali, lakini hutaambiwa ni yapi. Msiisome mashine, na sisi sote sitini tukaisoma, kila jaribio, swali likiwa gumu tunatabasamu, likiwa jepesi tunajishika kichwa, wauguzi wa nchi hii ndivyo tulivyo, tutatazama hata kikohozi cha msimamizi tuseme kina maana. Asubuhi nilipotoka nilikuwa sijamaliza chakula, gari la saa kumi na moja halingoji, nikaacha wali na yai nusu, na Tiya Belen akasema, nenda, nenda, na akaizungusha sahani yake palepale mezani, robo, maana mtu akiondoka katikati ya chakula wanaobaki huzungusha sahani ili afike salama, akamwambia na binamu yangu, wewe zungusha yako, unangoja nini, unataka barabara imle? Kisha akanifuata mpaka mlangoni, umevaa chupi nyekundu ya bahati? Nimevaa, Tiya. Nionyeshe. Tiya! Basi nakuamini, lakini ukifeli nitajua ulivaa nyeupe. Na bado akanifuata kwa gari la pili, yuko chini sasa hivi, ghorofa kumi na mbili chini yangu, amekaa ukingoni mwa barabara ya Manila na mfuko wa vitumbua, anasubiri nishuke, na mwezi ujao kama leseni ya Marekani ikitoka kuna hospitali kule Nevada imeshanihoji mara mbili kwa video, mwanamke mwenye meno meupe alisema tunakuhitaji jana, na nikienda nitakwenda mbali kiasi kwamba hakuna atakayejua jina letu la Macatangay linanuka nini... mwanamume wa miaka hamsini na mbili. Wamekosea mwaka mmoja. Itay, baba yangu, alikuwa na hamsini na tatu.

Sasa hebu acha. Hili ni swali tu. Watu wanachomwa visu kila siku, chumba chetu cha dharura tulikuwa tunapokea wawili watatu kila sikukuu ya mtakatifu wa mtaa, mmoja alikuja amebeba mkono wake mwenyewe ndani ya ndoo ya barafu ya bia, akiniuliza, nesi, huu utaunga tena? Na nilishona, nilifunga, nilishika visu vilivyokwama kwa vidole hivi hivi viwili, nikawapigia kelele ndugu wa mgonjwa, msiguse! msikitoe! kisu hicho ndicho kizibo, mkikitoa anamwagika wote! Miaka mitatu. Nilikuwa nasema usingizini. Mtoto wa Tiya Belen aliniambia, dada, jana ulipiga kelele msikitoe, ulikuwa unaota nini. Na nikasema sikumbuki... jibu ni la pili, basi, libonyeze, sekunde mbili nilishalijua kabla sijamaliza kusoma, macho yalikwenda yenyewe. Sekunde mbili. Mbona sibonyezi. Sibonyezi kwa sababu kama ninalijua kwa sekunde mbili leo, basi... hapana, ile ilikuwa tofauti, ile nilishtuka, mtu akishtuka anasahau, Inay, mama yangu mwenyewe, alisema. Ulishtuka, mwanangu. Ulisahau. Alinishika uso kwa mikono yenye damu iliyokauka akaniambia hivyo kabla polisi hawajaingia, akaniambia mara tatu kama anavyomfundisha mtoto sala, na mimi nikarudia, nilishtuka, nilisahau, na nimekuwa nikirudia miaka miwili, kwa padri, kwa Tiya, kwangu mwenyewe bafuni, na daktari alipotoka upasuaji na glavu zake akatutazama sisi wote akauliza kwa hasira, nani alikitoa? Nani mjinga alikitoa? Kingeachwa palepale mtu huyu angekuwa hai, Inay akanyanyua mkono uliokuwa na pingu, ukanyanyuka na wa askari, akasema mimi. Nilimchoma mimi na nikakitoa mimi. Na daktari yule ananijua, tumekula naye wali mmoja kantini, akanitazama mimi nesi wake, akatazama mikono yangu ilivyokuwa imelowa mpaka kwenye kiwiko, na akaondoka. Kumchoma mume asife ni kesi moja, kumchoma akafa ni kesi nyingine kabisa, hakimu alisoma miaka ile kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni, na Inay akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, asante.

Itay alikuwa anatengeneza visu vya kukunja, vile vya mpini pacha vinavyofunguka kwa mkono mmoja, ndivyo kijiji chetu kinavyojulikana na ndivyo tulivyosomeshwa, na kisu kikishanolewa alikuwa anakijaribu kwa nywele za mkono wake, na siku akiwa amelewa alikuwa anakijaribu kwa nywele za Inay, mezani, mbele yetu, anamshika kwa kisogo anakata fungu moja karibu na sikio, anauliza, kinakata vizuri au hakikati? Sema, mke wangu, wewe ndiye mteja. Na Inay anasema kinakata. Na alimvunja mkono mwaka niliomaliza shule, na alimng'oa jino la mbele kwa ngumi yenye pete, na kila mara alipoinuka katikati ya chakula kwenda kunywa, kila mara, Inay mwenye jicho lililofumba alikuwa anazungusha sahani yake ili mume wake asipatwe na baya njiani. Nilimchukia kwa hilo kuliko nilivyomchukia Itay. Nilimwambia siku moja, Inay, mwache apatwe! Akanipiga kofi. Ndilo kofi pekee alilowahi kunipiga... ile Jumapili ilikuwa mchana, nimetoka zamu, supu ya samaki ya ukwaju, Itay akainuka katikati ya chakula kwa sababu supu haikuwa na chumvi ya kutosha au ilikuwa nayo kupita kiasi, sikumbuki, hilo ndilo kweli silikumbuki, akazunguka meza akamshika Inay nywele akamburuta mpaka kwenye sinki na akampiga paji la uso kwenye ukingo wa saruji, mara moja, ikatoka sauti ya nazi, mara mbili, na alikuwa anamrudisha nyuma kwa ya tatu, na kisu cha mteja kilikuwa pale kando ya sinki kinakaushwa mafuta, na mama yangu ambaye miaka thelathini hajawahi kushika kisu cha biashara alikifungua kwa mkono mmoja, trak-trak, kama wanaume wanavyofungua, na akakisukuma. Mara moja tu. Kisha akaachia na akarudi nyuma mpaka kwenye friji akakaa chini. Itay akashuka taratibu akiwa ameegemea sinki, ameduwaa, anautazama ule mpini wake mwenyewe umesimama juu ya kitovu chake upande wa kushoto, na hakukuwa na damu nyingi, hilo nililiona mara moja, damu kidogo, uso una rangi, pumzi ziko sawa, nilikuwa nimeshapiga magoti na vidole viko shingoni mwake, mapigo mia na kumi, yenye nguvu...

"Dada." Nani. "Dada, samahani." Ni yule wa viatu vya mpira, ameinama begani kwangu, ananong'ona, ana harufu ya peremende, "mikono yote miwili juu ya meza, tafadhali, kamera haiuoni huo mmoja." Mkono wangu wa kushoto. Uko tumboni kwangu, chini ya meza, umeshika shati. Nimeuweka juu. "Unaumwa?" Hapana. "Unataka mapumziko? Ila saa yako haisimami, nakwambia mapema." Sitaki. "Haya, Mungu akutangulie," na ananong'ona zaidi, si kazi yake kusema hivi, "mwenzio jana alilia kama wewe hapo hapo kwenye kiti hicho, usijali," na anaondoka, wala sikujua kama ninalia, na yule wa kulia bado anaua mende wake, na swali bado liko pale, ana fahamu, anaongea. Ana fahamu, anaongea. Alisema nini. Nimewaambia wote kwamba hakusema kitu. Alisema, Ineng. Jina la kunidekeza, hakuwa ameniita hivyo tangu nikiwa na miaka tisa. Ineng, kitoe, kinaniuma. Wewe ni nesi. Kitoe. Na alinitazama vile wagonjwa wanavyonitazama, wale waliokwisha kukukabidhi mwili wao wote, na mimi nilijua, hapo hapo, kwa sekunde mbili, macho yalikwenda yenyewe, acha kisu kilivyo, kizungushie vitambaa kisitikisike, taulo zilikuwa pale, mbili zimening'inia juu ya sinki, gari la wagonjwa dakika ishirini, angefika, angepasuliwa, wiki mbili hospitali, chakula laini, na ya tatu angerudi nyumbani. Angerudi. Niliona yote hayo, niliona anavyorudi na mfuko wake wa dawa, anaingia langoni, Inay anamvua viatu, niliona na mkono wake unavyotafuta nywele. Sikushtuka. Sijawahi kuwa mtulivu namna ile katika maisha yangu, hata kando ya kitanda cha mgonjwa yeyote, nilisikia friji inavyounguruma, nilisikia jogoo wa jirani. Nikasema, sawa, Itay, vuta pumzi. Na akavuta, kwa utii. Na nikashika mpini kwa mikono miwili. Na kabla sijakivuta nilikizungusha.

Nilikizungusha. Haya, ndiyo hiyo. Hilo hajui mtu, Inay alikuwa na damu machoni hakuona, daktari aliliona kwenye utumbo ndiyo maana alitazama mikono yangu, robo, robo tu, kama sahani, Itay ameinuka mezani katikati ya chakula na hakuna aliyezungusha sahani, na mimi nikazungusha kisu, na nilipokivuta alimwagika wote kama nilivyokuwa nawaambia ndugu za wagonjwa, damu ya moto mpaka viwikoni, na hakupiga kelele, alisema tu, Ineng, kwa kushangaa, na nilikuwa ninafurahi. Nilifurahi. Kisha Inay akatambaa kutoka kwenye friji akaniondoa vidole kimoja kimoja kwenye mpini, akakishika yeye. Nilimuua Itay ili Inay aishi, na Inay anaishi, analala na wanawake wengine mia na ishirini kwenye chumba kimoja, anashona mifuko, na kila nikienda kumwona ananiuliza kupitia waya, unasoma? Unakula? Usifikirie yale, mwanangu, ulisahau tu... na tazama mkono wangu. Tazama. Uko juu ya kipanya na unakigeuza, kulia, robo, unarudi, robo, tangu saa ngapi unafanya hivi, yule mama wa peremende lazima ameona. Mashine haioni. Mashine inajua kwamba watu tisa kati ya kumi wamelipata swali hili na kwa hiyo inaliita jepesi, inaweza kuwa hata halihesabiwi, inalipima tu, na huko waliko watatazama na kuona kuna mtu mmoja Manila alikaa dakika kumi na moja juu ya swali la wali, na hawatajua waandike nini. Nikichagua la kwanza, toa kisu, basi nilisahau kweli, ninasahau mpaka leo, Inay alisema kweli mahakamani na padri aliniondolea dhambi sahihi, na inawezekana mashine ikanyamaza papo hapo na kuniweka chini ya mstari, na nitashuka ghorofa kumi na mbili nikamwambie Tiya nilivaa nyeupe. Nikichagua la pili ninajua. Na hakuna kurudi nyuma, ukishabonyeza swali limekwenda, Sir Nonoy alilisema siku ya kwanza kabla ya mambo yote, akaandika ubaoni, hakuna kurudi, akapiga mstari chini yake mara mbili. Mwanamke wa Nevada anasema jana. Inay anasema ulisahau. Jumapili ni siku ya kutembelea, nitapanga foleni na wengine, nitakaa mbele ya waya ule, na kabla hajaniuliza kama nimekula nitamwambia, Inay, hebu ninyamazie kidogo, na nitamwambia na la kuzungusha, halafu nitakwenda kwa yule daktari, kisha kwa wakili wa Inay, yule mwenye meza mbovu, wafanye watakavyofanya, waichukue leseni ikiwa ipo, waichane. Yule wa kulia amenyamaza. Kioo chake kimezima, anakitazama, mdomo wazi, hajui amepita au amefeli. Changu bado kinawaka, mwanamume wa miaka hamsini na mbili bado ana fahamu, bado anaongea, anasubiri nesi. Kishale kimetulia. Nimebonyeza kiduara, kimejaa, sijagusa bado kitufe cha kusonga mbele. Jibu ni la pili. Lilikuwa la pili siku ile pia.